Kujifunza Kushona na Kazi za Mikono Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanaoanza kushona: wengine huniuliza barazani, wengine kwenye simu, wengine wakiwa wameshika kipande cha nguo kilichoharibika. Nimejibu kwa yale niliyoyafanya kwa mikono yangu hapa Lamu. Aliyeko Malindi atayatumia vilevile, ila yeye hatalazimika kuvusha cherehani kwa mashua.

## Kabla ya kuanza

Sijawahi kushika sindano. Je, nimechelewa?

Hujachelewa. Mimi nilianza nikiwa na watoto wawili, tena nilianza kwa kubandika kiraka kwenye suruali ya shule. Mtu mzima ana faida moja juu ya mtoto: anajua anachokitaka. Kikwazo chake ni kwamba anataka kushona dera la Idi wiki ya kwanza. Jipe miezi mitatu ya kazi ndogondogo. Nusu saa kila siku itakufikisha mbali kuliko Jumamosi moja nzima, kwa sababu vidole husahau haraka.

Nianze kwa mkono au kwa cherehani?

Kwa mkono, angalau wiki mbili. Cherehani inakwenda mbio, na kosa lake linakwenda mbio pia: kabla hujainua mguu, umeshapitisha mshono mrefu mahali pasipotakiwa. Ukishona kwa mkono unaona jinsi kitambaa kinavyovutika, jinsi uzi unavyokaza, na kwa nini pindo linajikunja. Halafu yako mambo ambayo cherehani haiyafanyi vizuri hata ukiwa fundi, kama kupiga bandi (mshono wa muda) kabla ya mshono wa kudumu na kumalizia pindo lisiloonekana upande wa nje.

Ninunue nini na nini?

Vichache tu: pakiti ya sindano za ukubwa mchanganyiko, uzi wa rangi nne (nyeupe, nyeusi, kahawia na wowote uupendao), pini, chaki ya fundi, tepu ya kupimia, subana ya kukinga kidole cha kati, na mikasi miwili. Mkasi mmoja uwe wa kitambaa peke yake. Uufiche. Mtu akikatia karatasi au maganda ya kamba kwa mkasi huo, makali yamekwenda.

Usinunue tepu ya plastiki laini iliyotundikwa juani dukani. Hurefuka. Ilinganishe na rula ya mtoto wa shule: sentimita 30 ziwe 30 kweli. Tepu ya kawaida ina inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 au kidogo zaidi upande wa pili. Chagua upande mmoja na ushikamane nao katika kazi nzima, maana kuchanganya inchi na sentimita kumeharibu nguo nyingi kuliko mkasi butu.

Kitambaa cha mazoezi kiwe marekani, ile pamba isiyotiwa rangi. Ilipata jina hilo karne ya 19, ilipokuwa ikija pwani kwa merikebu kutoka Marekani. Haitelezi, inashika mkunjo, na mshono wako unaonekana wazi, mzuri na mbaya.

Mimi ni mwanamume. Watu hawatanicheka?

Hapa Lamu? Pita mtaani jioni utawaona wanaume wamekaa barazani, sindano mkononi, wakidarizi kofia huku mazungumzo yakiendelea. Mafundi wengi wa kanzu na suruali ni wanaume. Kushona matanga ya majahazi ni kazi ya wanaume tangu zamani. Kazi ya ukili (kusuka mikeka) ndiyo zaidi imeshikwa na wanawake, na hata huko hakuna atakayekufukuza ukikaa kwa adabu.

Nitampata wapi wa kunifundisha?

Tembea Usita wa Mui, ile njia ndefu inayopita katikati ya mji, uangalie milango ya mafundi. Usianze kwa kuomba ufundishwe. Peleka kazi ndogo, tuseme kupunguza suruali, kisha uombe kukaa utazame. Ukirudi siku ya pili na ya tatu, ukamwokotea vipande sakafuni, ukamtilia uzi kwenye sindano, siku ya nne utapewa upindo ushone. Usiende kumi la mwisho la Ramadhani. Fundi wakati huo halali, na nguo za watu zimefika darini.

Kwa akina mama na akina bibi, salamu kwanza, kazi baadaye. Shikamoo, habari za watoto, kisha ukae. Bibi aliyenifundisha kupinda hakuwahi kunieleza kitu kwa maneno marefu. Alitazama pindo langu, akalivuta kwa ukucha, akasema, "Fumua, mwanangu." Alilisema mara kumi na moja kwenye leso (kanga) moja, nami nilihesabu.

## Kazi za kwanza

Kazi gani ya kwanza haswa?

Kupinda leso. Ndiyo ninayompa kila mtu. Leso huuzwa pea, mbili zikiwa zimeungana. Ukishazitenganisha, kila moja inabaki na ncha mbili zilizokatwa, zenye urefu wa kama mita moja na kidogo, zinazochanika ukiziacha. Ncha nne jumla. Ukizimaliza zote kwa mkono, mkono wako umeshajua bandi na pindo.

Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, usikate kwa macho. Kunja nusu sentimita, ubane kwa ukucha au kwa pasi, kisha ukunje tena ili ncha inayochanika ifichike ndani. Weka pini kila shubiri. Uzi uwe wa rangi ya pindo la leso. Anza pembeni. Sindano ishike nyuzi mbili tu za leso, ipande kwenye ukingo wa mkunjo, isogee mbele kiasi cha punje ya mchele, ishuke tena. Ukiona vidoti vikubwa upande wa nje, umeshika nyuzi nyingi. Ukiona pindo linajikunyata kama limekunja uso, umevuta uzi mno: usifumue bado, lipapase kwa vidole kwanza, mara nyingi uzi utalegea wenyewe.

Inasimuliwa kwamba leso yenyewe ilianza kama kazi ya kushona: wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi kabla havijakatwa, wakaviunga safu mbili za vitatu vitatu vikawa nguo moja. Neno lenyewe lina asili ya Kireno. Hata leo, unapopinda leso unafanya kazi ya wale wanawake.

Baada ya leso?

Foronya ya bahasha, ile isiyo na vifungo wala zipu. Ni mishono iliyonyooka mitupu. Tuseme mto wako ni sentimita 45 kwa 65. Upana wa kitambaa ni 45 ukiongeza 3 za mishono, yaani 48. Urefu ni 65 mara mbili, ambazo ni 130, uongeze ulimi wa 15 wa kuufunika mto, na 4 za pindo mbili. Jumla 149. Kitambaa cha upana wa sentimita 115 kitakupa foronya mbili ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mita 1.6 zinatosha na kuna ziada ya kosa.

Pinda ncha mbili fupi kwanza. Kunja kitambaa upande wa nje ukiwa ndani: mwili wa foronya uanze, kisha ulimi uufunike. Shona mbavu mbili, ugeuze. Ukiona umeshona vizuri lakini ulimi umetokea nje, umekunja kinyume. Kila mtu hufanya hivyo mara ya kwanza.

Na dera? Linaonekana jepesi.

Ni jepesi kushona, ila si jepesi kukata. Pima kutoka begani hadi kisiginoni, ufanye mara mbili, uongeze pindo. Ukiwa na 145, utahitaji kama mita 3. Kunja katikati kwa upana, mkunjo ukae mabegani, na shingo ikatwe kwenye mkunjo huo.

Shingoni ndipo watu hukiaga kitambaa. Pima mzunguko wa kichwa chako kwa tepu. Mzunguko wa shingo uwe mkubwa kuliko huo, au uache mpasuo mdogo mbele. Kata ndogo kwanza, ujaribu, uongeze kidogo. Shingo ikishakuwa pana, imekuwa. Ukingo wake umalizie kwa utepe uliokatwa mshazari, maana kitambaa cha mshazari ndicho kinachokubali kuzunguka bila kukunjamana.

Lazima nifue kitambaa kabla ya kukata?

Kama ni pamba, ndiyo, na sikubali ubishi hapa. Pamba hurudi ikiingia maji. Nilimshonea mama mkwe dera la Idi, pamba nzuri ya kijani, nikakata siku ileile niliyoinunua. Alilivaa siku moja, likampendeza. Baada ya kufuliwa likapanda hadi katikati ya miguu. Hakuniambia neno; nililiona kambani, nikajua. Sasa kila pamba inayoingia nyumbani hulala majini usiku kucha, ikaanikwa kivulini, ikapigwa pasi, ndipo naitazama.

## Cherehani

Ninunue ya kukanyaga, ya mkono au ya stima?

Kwa anayeanza visiwani, ya kukanyaga. Stima ikikatika inaendelea, vipuri vyake viko kila mahali, na kila fundi mjini anaijua hadi utumbo wake. Ya mkono ni nzuri kwa chumba kidogo na kwa anayeogopa mwendo, ila mkono mmoja unashughulika na gurudumu na kitambaa kinabaki na mkono mmoja. Ya stima ina zigizaga na mapambo, ambayo hutayahitaji mwaka wa kwanza.

Ukinunua iliyotumika, nenda na vipande viwili vya marekani na uzi wa rangi mbili, mmoja juu na mmoja kwenye bobini (kigurudumu cha uzi wa chini). Shona, kisha uangalie pande zote mbili. Uzi wa chini ukichungulia juu, au wa juu ukichungulia chini, huenda ni mkazo wa uzi tu. Lakini zungusha gurudumu taratibu kwa mkono: ukisikia linakwama mahali palepale kila mzunguko, achana nayo.

Ikivushwa kutoka Mokowe, upande wa bara, kichwa kitolewe mezani, kifungwe plastiki mara mbili na kisafiri mapajani mwa mtu. Tone la maji ya chumvi likiingia ndani ni kutu. Meza inaweza kupanda punda.

Nitazoeaje kukanyaga bila kurudi nyuma?

Toa uzi kabisa. Weka sindano ya zamani, chukua ukurasa wa daftari lenye mistari, ushone juu ya mistari bila uzi. Matundu yatakuambia ukweli. Gurudumu lianze kwa mkono kuelekea kwako, kisha miguu ifuate, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Kurasa kumi zinatosha. Kisha chora duara, na baada ya duara, kona: simama sindano ikiwa chini, inua mguu wa cherehani, geuza karatasi, shusha mguu, endelea.

Uzi unafungana chini kama kiota. Bobini imeharibika?

Karibu kila mara kosa liko juu, si chini. Uzi wa juu haukupita vizuri kati ya visahani vya kukazia, au umeruka kile kiwiko kinachopanda na kushuka. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wote, utie upya tangu mwanzo. Ukianza kushona, shika ncha zote mbili za uzi kwa mishono mitatu ya kwanza.

Uzi ukiwa unakatika au mishono inaruka, tazama sindano. Sindano ya cherehani ina mfereji mrefu upande mmoja: uzi unaingilia upande wa mfereji huo. Sheria hii inafaa kwa mashine zote, hata kama za aina tofauti zinaelekeza sindano pande tofauti. Na ibadilishe. Sindano iliyopinda kidogo huioni kwa macho. Ilaze juu ya kioo utaona mwanga unaopita chini yake hauko sawa.

Sindano namba ngapi?

Pamba ya kawaida na leso, 80/12 au 90/14. Shifoni na kitambaa cha buibui, 70/10. Jinzi na turubai, 100/16 kwenda juu. Mshono wa kawaida uwe kama milimita 2.5, yaani mishono 10 kwa inchi. Bandi ya kufumuliwa baadaye iwe 4.

Nitie mafuta gani?

Mafuta ya cherehani. Nayasema kwa sababu niliwahi kutia mafuta ya nazi, nikaona ni safi na yananukia. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya kama nyuzi 24, na hata yasipoganda hunata na kukusanya vumbi. Ilipofika baridi ya kusi, cherehani ikawa nzito kama inasaga mahindi. Fundi aliifungua akaisugua kwa mafuta ya taa asubuhi nzima.

Tone moja kila tundu, mara moja kwa wiki ukishona kila siku, kisha ushone kwenye kitambaa kibovu hadi mafuta yasionekane. Hewa ya bahari ina chumvi, kwa hiyo ifunike kila jioni na usiiweke dirishani. Sindano na pini ziweke kwenye chupa yenye mchele mkavu.

## Kazi nyingine za mikono

Nataka kujifunza kusuka mkeka. Niende wapi?

Kipungani na Matondoni, katika kisiwa hikihiki cha Lamu, ndiko kazi hiyo iko hai nyumba kwa nyumba. Utakachokianza si mkeka, ni ukili: ule utepe mrefu unaosukwa kwa miyaa (majani ya jamii ya mitende) iliyopasuliwa membamba na kulowekwa ili isikatike. Miyaa ya rangi huchemshwa na rangi ya unga kwenye sufuria ambayo haitarudi tena jikoni.

Mkeka ni ukili ulioshonwa ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana nauweka hapa pamoja na kushona. Ukili ukiwa na upana unaobadilikabadilika, mkeka utapinda na hakuna mshono utakaouokoa. Suka pima tatu za ukili mweupe kabla hujagusa rangi. Kazi ya kwanza ya kumaliza iwe kawa la kufunikia chakula au kikapu kidogo.

Kofia ya kudarizi inachukua muda gani?

Wiki kadhaa kwa mwenye mkono mwepesi, miezi kwa anayeanza. Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, na nakshi huchorwa kwanza kwa penseli. Kisha vitundu vidogo hutobolewa na kila kimoja kuzungushiwa uzi, mamia kwa mamia, vyote sawa. Usianze na kofia. Chukua kipande cha kitambaa cheupe chenye tabaka mbili, sentimita 10 kwa 10, ujaze vitundu. Vya safu ya kwanza vitakuwa mayai. Vya safu ya kumi vitakuwa duara.

Vishada vya kikoi vinasokotwaje?

Hii unaweza kuijua leo. Gawa nyuzi za ncha mafungu mawili ya unene sawa. Sokota kila fungu upande wa kulia mpaka lianze kujikunja, kisha yaweke pamoja uyasokote upande wa kushoto. Yatashikana yenyewe. Funga fundo mwisho. Ukiyasokota yote upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yatafumuka ukiachia tu.

Naweza kushona mfuko wa tanga kuukuu?

Unaweza, ila piga brashi chumvi yote kavu, ufue mara mbili, uanike hadi pakauke kabisa ndani ya mishono ya zamani, la sivyo ukungu utarudi. Tumia uzi wa polista na sindano nene (tazama swali la namba za sindano). Penye tabaka nne zungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Usifumue viraka vya zamani. Vilishonwa na baharia, na ndivyo vinavyoupendezesha mfuko.

## Maswali yasiyo ya kawaida

Natumia mkono wa kushoto. Mwalimu wangu hawezi kunionyesha.

Usikae ubavuni pake. Kaa mbele yake, mkitazamana, uige kama unavyojitazama kiooni. Cherehani haina shida, ila mkasi wa kawaida utakutesa. Uliza mkasi wa mkono wa kushoto Malindi au Mombasa.

Sioni tundu la sindano.

Kata uzi kwa mshazari kwa mkasi mkali, usiulambe. Weka karatasi nyeupe nyuma ya sindano. Na usikate uzi mrefu kwa uvivu wa kutia tena: kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, dhiraa moja, au kidogo zaidi. Mrefu kuliko huo hujifunga mafundo. Ukianza kujinyonga, achia sindano ining'inie ijizungushe.

Kitambaa cha buibui kinateleza kama samaki.

Kilaze juu ya shuka la pamba unapokata, si kwenye sakafu ya saruji. Piga bandi, usitegemee pini. Unaposhona, weka chini yake karatasi nyembamba kisha uichane polepole. Sindano iwe mpya.

Jirani ameniomba nimshonee kwa malipo. Nikubali?

Kubali pindo, viraka na foronya. Kataa kitambaa cha bei ghali mpaka uwe umekata na kuvaa nguo tatu zako mwenyewe. Ukikubali, pima mbele yake, uandike namba kwenye daftari pamoja na tarehe, na uhesabu uzi, zipu na saa zako kabla ya kutaja bei. Asiyehesabu saa huishia kumshonea mtu bure na kumkasirikia moyoni.

Nimekata vibaya. Kitambaa kimekwisha?

Kiache hadi kesho. Kilichokatwa kifupi kinaweza kuongezwa ukanda wa rangi nyingine chini, na watu wataona ni mtindo. Shingo iliyopanuka inakubali lesi au mkunjo mdogo mabegani. Mkono uliokatwa mfupi unakuwa nusu mkono. Kikishindikana kabisa, kina foronya ndani yake, na foronya umeshajua kuishona. Lile dera la kijani la mama mkwe nililiongeza ukanda wa shubiri moja na nusu, rangi ya maembe mabivu. Alilivaa mpaka likachanika mgongoni, kisha akaniletea nimbandike kiraka.